Dawa ya Kifua Yenye Harufu ya Nanasi

Seremala alikuwa mwongo wa kawaida tu, wa kiwango cha mafundi wengi. Kitanda kitakuwa tayari keshokutwa, mbao zimeshakauka, kimebaki kupiga msasa. Wateja waliuzoea uongo wake kama walivyozoea vumbi la karakana yake, wakawa wanaupunguza wenyewe vichwani kabla hawajaondoka. Nyumbani ndiko alikokuwa hadanganyi. Mkewe, fundi cherehani, alikuwa na jicho la kuona mshono uliopinda akiwa ng'ambo ya barabara, na mwanamume mwenye akili hachezi na jicho la namna hiyo.

Kwa hiyo ule uongo mmoja wa nyumbani ulimponyoka tu. Daktari alikuwa amemwambia achague kimoja, vumbi la mbao au moshi wa sigara, maana mapafu yake hayawezi kubeba vyote viwili. Vumbi ndilo lililowalisha, basi sigara zikaondoka. Mkewe mwenyewe ndiye aliyezitumbukiza chooni, pakiti baada ya pakiti, huku akiziaga. Seremala akashinda wiki kadhaa akitafuna njiti za kiberiti na kugombana na misumari. Mdogo wake, kinyozi, akamwonea huruma. Akamletea kidude mfano wa kalamu nene, rangi ya fedha, chenye kitaa cha bluu kwenye ncha.

"Hii haina moshi, kaka," kinyozi alisema. "Ni mvuke tu. Vijana wote pale saluni wanavuta."

Haukupita muda mkewe akamkuta nyuma ya karakana, amezungukwa na wingu jeupe linalonukia nanasi.

"Nini hicho?"

Ulimi wa seremala ulitangulia, akili ikafuata nyuma ikihema. "Dawa ya kifua," alisema.

Angeoa mwanamke asiyejali, mambo yangeishia hapo. Fundi cherehani alikichukua kile kidude, akakigeuzageuza, akakinusa. "Yaani siku hizi dawa zinanukia vizuri namna hii," alisema, na tangu siku hiyo akawa muuguzi wake.

Dawa hairukwi, alisema. Asubuhi kabla ya chai, mchana baada ya chakula, jioni kabla ya kulala. Alimkalisha kwenye kiti, mgongo wima, akasimama mbele yake mikono kiunoni. "Vuta ndani. Shikilia. Shikilia, baba watoto, usiwe na haraka. Haya, toa polepole." Seremala, aliyekuwa amepanga kuvuta kidogo kidogo kwa kuibia, sasa alivuta kwa amri. Akijaribu kupunguza, aliambiwa anadeka. Mkewe ndiye aliyekiweka kidude kwenye chaji kila jioni, kando ya simu yake, na ndiye aliyewasimulia wateja wake wa nguo jinsi mume alivyopona. Mteja mmoja akaomba amlete mama yake naye avute kidogo tu. Ikabidi seremala abuni kwamba dawa ile hupimiwa mtu, kama suruali.

*

Binti yao alikuwa muuguzi katika nchi ya mbali, na sasa alikuwa na mimba ya kwanza. Mumewe alifanya kazi kwenye meli za mizigo, na hesabu za meli na hesabu za mimba zilikuwa zimekataa kukutana.

"Mama, nimezalisha wanawake wengi mpaka nimepoteza idadi," alisema kwenye simu. "Wote nimewaambia wasiogope. Sasa ni zamu yangu, naogopa. Njooni, wewe na baba. Tiketi nimeshakata."

Hakuna mmoja wao aliyewahi kupanda ndege. Fundi cherehani alishona nguo za safari, yake na ya mumewe, kutoka jora moja, kwa hoja kwamba wakipotezana huko watu watajua hawa ni wa nyumba moja. Alifuma sweta la manjano la mtoto, kisha akafuma la pili kwa sababu la kwanza lilimpendeza. Seremala alikwenda kunyolewa.

"Kaka, lile dude unasafiri nalo?" kinyozi aliuliza, akiwa ameushika utosi wa kaka yake.

"Kwa nini nisisafiri nalo?"

"Kwanza haliingii kwenye sanduku kubwa. Lina betri. Likipata joto kule tumboni mwa ndege likawaka, hakuna wa kuliona. Linatakiwa likae na wewe, kwenye begi la mkononi, limezimwa. Na humo ndani huruhusiwi kulivuta wala kulichaji." Kinyozi alifuta wembe kwenye kitambaa. "Hayo ni ya ndege tu. Sasa nimemuuliza jamaa anayeniuzia. Nchi unayokwenda hawalitaki kabisa. Kukutwa nalo tu ni kosa."

Seremala alijitazama kwenye kioo. "Basi nitaliacha," alisema. "Nitamwambia shemeji yako dozi imekwisha."

"Utakuwa umeokoka."

Jioni ile alikificha kidude kwenye droo ya patasi, chini ya karatasi za msasa, pamoja na vichupa vyake viwili vya maji ya kujazia, yenye harufu ya nanasi. Alijisikia mwepesi, kama mtu aliyelipa deni ambalo hakuna aliyekuwa akimdai.

Asubuhi ya safari mkewe alipita karakana kuhakikisha madirisha yamefungwa. Droo ya patasi ilikuwa imeachwa wazi kidogo, na yeye hakuwa mtu wa kupita mbele ya droo iliyo wazi. Akaivuta afunge vizuri. Akaiona dawa.

Alishusha pumzi ndefu. Huyu bwana, alijiambia, bila mimi angeshazikwa. Kwanza alitaka kumwita ampe maneno yake hapo hapo. Halafu likamjia wazo tamu zaidi. Hatamwambia. Wakifika kule, mzee atatafuta dawa mifukoni, atatoka jasho, atakiri kwamba ameisahau, na yeye ataitoa taratibu bila kusema neno, amtazame tu. Alikifunga kidude ndani ya sweta la manjano, vichupa ndani ya sweta la pili, akavisukuma vyote chini kabisa ya sanduku. Njia nzima kuelekea uwanja wa ndege alikuwa akitabasamu peke yake. Mumewe alidhani ni furaha ya mjukuu.

*

Kwenye kaunta, kijana mwenye tai alilipima sanduku, akalifunga karatasi yenye jina la fundi cherehani.

"Ndani kuna betri za akiba, pawabenki, sigara za umeme, kitu chochote cha kuweza kuwaka?"

"Hamna," alisema fundi cherehani.

"Hamna kabisa," alidakia seremala kwa sauti pana, kwa fahari ya mtu ambaye safari hii anasema kweli. "Hata kiberiti hamna, mwanangu. Pekua ukitaka."

Kijana alisema hakuna haja. Sanduku likaenda na mkanda wa mizigo, likapenya mapazia ya mpira, likatoweka. Kinyozi, aliyewasindikiza mpaka mlangoni, alipungiwa mkono kutoka mbali. Wakapita kwenye mashine, wakavua mikanda, wakavaa mikanda, wakatafuta viti vinavyotazama ndege. Seremala alikuwa akimweleza mkewe kwa nini viti vile vya chuma vimeungwa vibaya, pale kipaza sauti kilipotaja jina la abiria mmoja, kikamtaka afike chumba cha ukaguzi wa mizigo. Kikalirudia.

"Huyo ni mimi," alisema fundi cherehani.

Jina lake kamili alikuwa hajalisikia likitajwa kwa sauti kubwa hivyo tangu siku ya ndoa, na hata siku ile lilitajwa kwa upole zaidi. Watu waligeuka. Nguo zao za jora moja ziliwatangaza wote wawili, na safari ya kutoka kwenye kile kiti mpaka kwenye ule mlango ikawa ndefu kuliko zote alizowahi kutembea.

Chumba kilikuwa kidogo, chenye meza ya bati na taa nyeupe isiyomsitiri mtu. Sanduku lao lilikuwa limelazwa mezani kama mgonjwa. Afisa wa usalama, binti mwenye sare iliyopigwa pasi na macho yenye usingizi, aliwaamkia vizuri kabla ya kuvaa glovu.

"Shikamoo mama. Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini?"

"Mashine imeona kitu. Nitafungua mbele yenu."

Alifungua. Vilitoka vitu ambavyo fundi cherehani alivipanga kwa ajili ya macho yake peke yake: sidiria yake ya zamani aliyoitia viraka, kwa sababu mshonaji hanunui kinachoshonika, soksi za mumewe zisizofanana, mafuta ya kuchua mgongo. Afisa mwingine alichungulia mlangoni, akaangalia, akaondoka. Fundi cherehani alitazama ukuta. Watu wazima na ndoa yao, na sasa nguo zao za ndani ziko mezani kama za mnada.

Kisha likatoka sweta la manjano. Binti alilibonyeza, akalikunjua, na kalamu nene ya rangi ya fedha ikabingirika juu ya bati.

Seremala alikitazama kile kidude kama mtu aliyezika kitu kwa mkono wake, akakikuta kimekaa sebuleni.

Mkewe naye alipumua kwa raha. "Ah, ni hiyo tu," alisema. "Nimeshtuka bure. Hiyo ni dawa ya mume wangu. Aliisahau, mimi ndiye niliyeipakia." Akamgeukia mumewe. "Nilitaka ukaitafute kule utoke jasho kidogo. Haya, mambo yameharibika, lakini dawa yako hiyo."

Binti alimtazama mama, akamtazama baba. Baba alikuwa anasoma tangazo la ukutani lililokuwa limebanduka upande mmoja.

"Dawa ya nini, mama?"

"Ya kifua. Anavuta mara tatu kwa siku. Mimi ndiye ninayemsimamia."

"Mara tatu."

"Asubuhi, mchana na jioni. Zamani alikuwa mvivu, sasa amezoea. Siku nyingine anaiomba mwenyewe."

Binti aliinamisha kichwa, akashughulika na glovu yake kwa muda zaidi ya uliohitajika. Alipoinua uso ulikuwa umerudi kuwa wa kazi. "Mama, naomba nikueleze taratibu. Vitu kama hivi vina betri, haviruhusiwi kwenye mizigo ya chini. Vikishika moto kule, rubani hawezi kusimama pembeni akashuka kuangalia. Na nchi mnayokwenda wamevipiga marufuku kabisa. Kaunta mliulizwa, mkasema hamna. Sanduku lina jina lako. Kwa hiyo swali ninaloulizwa mimi na mkubwa wangu ni kwa nini mama alificha hiki kitu ndani ya sweta la mtoto. Akiona ulificha makusudi, hupandi."

"Dawa inapigwa marufuku? Nchi gani hiyo isiyotaka watu wapone?"

"Kama ni dawa, kuna cheti cha daktari?"

Fundi cherehani alimgeukia mumewe. "Baba watoto, cheti kiko wapi?"

Hapo seremala aliona milango miwili. Mmoja ulikuwa na uongo mpya, safi, uliokuwa umeshapigwa msasa: cheti kimesahaulika nyumbani. Binti yule alikuwa na huruma, labda angelipokea hilo, angekitupa kidude, angewaachia. Alifungua mdomo.

"Hana haja ya cheti," mkewe alimtangulia. Alikuwa ameshatoa simu, na sauti yake ilikuwa imeanza kupanda, ile sauti ya kumtetea mtu wake. "Binti yetu ni muuguzi hukohuko. Ongea naye, mwanangu. Atakueleza baba yake anaumwa nini. Mimi sijawahi kuficha kitu cha mtu tangu nizaliwe. Mume wangu hapa ni shahidi, ananijua yeye." Akabonyeza. Simu ikaanza kuita mezani, sauti ikiwa wazi, kati ya soksi na sidiria.

Iliita mara ya kwanza. Iliita tena.

"Kata simu," alisema seremala.

"Kwa nini nikate?"

"Kata, mke wangu. Mtoto asisikie haya kwa kushtukizwa, na hali yake ile." Akanyoosha mkono akaikata mwenyewe. Kisha akamtazama afisa, kwa sababu kumtazama mkewe kulimshinda. "Si dawa. Ni sigara. Ni sigara ya umeme na ni yangu. Huyu mama hajui chochote. Nilimdanganya, akaniamini, akaipakia kwa kunihurumia. Mimi niliiacha nyumbani kwa sababu niliambiwa haitakiwi. Kama kuna wa kubaki, nibaki mimi. Yeye mwanawe anakaribia kujifungua."

Nje kipaza sauti kiliita safari ya watu wengine.

Fundi cherehani aliuliza kwa sauti ndogo, si kwa mumewe bali kwa yule afisa. "Na hili nanasi?"

"Ni ladha tu wanaweka, mama. Ndani kuna nikotini ileile ya sigara."

"Ileile."

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nilikuwa namwambia shikilia ndani, usitoe haraka."

Binti alijitahidi. Mungu ni shahidi kwamba alijitahidi. Aliuma mdomo, akatazama dari, akakohoa. Kisha kicheko kikamtoka puani kama chafya, akageukia ukuta, mabega yakitetemeka. "Samahani, mama," alisema akijifuta macho kwa mkono wa sare. "Samahani sana. Ni usingizi."

"Cheka, mwanangu," alisema fundi cherehani. "Ingekuwa ni mke wa mwingine, hata mimi ningecheka."

Mkubwa wa binti alikuja, mtu mfupi mwenye haraka. Aliambiwa habari kwa sauti ya chini, na katikati ya habari alimtazama seremala kwa namna ambayo wanaume huangaliana mmoja anapokuwa ameaibika kwa niaba ya wote. Akasema kidude na vichupa vibaki, onyo litolewe, na hawa wazee wakimbie maana mlango unafungwa. Fundi cherehani alikunja nguo zake upya, moja moja, bila haraka, akakataa kusaidiwa. Sweta la manjano alilinusa kwanza. Lilikuwa linanukia nanasi.

Kabla ya kuzima simu aliacha ujumbe wa sauti kwa kinyozi. "Shemeji, dawa ya kaka yako imekwisha. Tukirudi, tutaongea juu ya dozi yako wewe."

*

Viti vilikuwa vitatu. Dirishani alikaa mama mmoja mnene, muuza viatu, aliyekuwa amesafiri sana na alipenda ijulikane. Seremala alikaa katikati, mkewe pembeni mwa njia, mkanda ameufunga mpaka mwisho, macho mbele.

Mhudumu wa ndege alitangaza kwamba uvutaji umekatazwa, zikiwemo sigara za umeme, na kwamba vyooni kuna mitambo ya kugundua. Fundi cherehani aligeuka polepole, akamtazama mumewe muda wote wa tangazo, katika lugha zote lilizosomwa. Kisha akarudisha macho mbele.

Ndege ikapaa. Ardhi ikawa kama kitambaa kilichokatwa vipande, na hakusema. Chakula kikaja katika visahani vya karatasi ya bati, akala chote, na hakusema. Seremala alianza kuhisi kile alichokuwa akikiogopa. Kwa kipimo chake mwenyewe angevuta kidogo tu. Kwa kipimo cha muuguzi wake alikuwa amezoeshwa kama mtoto anavyozoeshwa maziwa. Saa ya dozi ya mchana ilifika, ikapita, na mwili wake ukaiona. Magoti yakacheza. Akatafuna kijiko cha plastiki mpaka kikavunjika.

"Unaogopa ndege?" muuza viatu aliuliza.

"Anaacha sigara," fundi cherehani alijibu bila kugeuka. Yalikuwa maneno yake ya kwanza.

"Ah. Ameanza lini?"

"Leo. Kwa nguvu za serikali."

Muuza viatu alimpa seremala peremende. Alipoimaliza akampa nyingine. Baadaye seremala aliinuka kwenda chooni, na mkewe akainuka pia. Alisimama nje ya kile kimlango chembamba, akaweka sikio.

"Unafanya nini humo?"

"Nafanya kinachofanywa chooni."

"Mbona kimya?"

"Mke wangu, unataka niimbe?"

Mhudumu wa ndege akaja kuuliza kama kuna tatizo. "Hakuna," alisema fundi cherehani. "Nasubiri mgonjwa wangu." Na neno hilo, mgonjwa, ambalo alikuwa amelizoea, likamkwama. Seremala alipotoka alimkuta ameegemea ukuta, anafuta macho kwa upindo wa mkono wa gauni.

Hawakurudi kwenye viti mara moja. Walisimama pale nyuma, karibu na vitoroli vya chai, ndege ikitikisika kidogo.

"Sigara ningekusamehe," alisema mkewe. "Baba yangu alivuta mpaka ikamuua, na nilimlilia kama wengine wanavyowalilia baba zao. Lakini wewe ulikuwa unakaa kwenye kile kiti, mimi nimesimama mbele yako nakuhesabia pumzi, na unanitazama usoni. Ulikuwa unaona nini?"

Seremala alifikiri. Lilikuwa swali gumu na alitaka kulijibu sawasawa. "Nilikuwa naona umefurahi," alisema.

"Nilifurahi. Nilidhani nakuponya."

"Nilitaka kukuambia wiki ileile. Halafu ukawa umeshawaambia wateja."

"Kwa hiyo kosa ni la wateja."

"Hapana. Ni langu." Alisubiri. "Na lile la kusema dawa hupimiwa mtu kama suruali, nalo nililibuni."

"Hilo nililijua halina kichwa," alisema mkewe. "Nikadhani hukumwelewa daktari." Akatazama pembeni, na kitu kidogo kikamcheza mdomoni, akakibana. "Nenda ukakae. Unazuia watu njia."

Kwa safari iliyobaki hakumsemesha. Lakini peremende za muuza viatu zilipokwisha, alifungua begi lake la mkononi, akatoa pakiti yake ya tangawizi kavu, akamwekea kipande kimoja mkononi, bila kumtazama. Baadaye akamwekea kingine.

*

Nchi ile ilikuwa na sakafu zinazong'aa na watu wanaonong'ona. Walipita mahali pa pasipoti, wakalichukua sanduku, wakafika kwenye meza ya mwisho ambako afisa mwenye masharubu alikuwa akimuuliza kila abiria swali lilelile na kumruhusu. Muuza viatu, aliyeijua lugha ya pale, alisimama nao kuwatafsiria.

"Anauliza kama mna sigara za umeme au maji yake."

Kupitia mlango wa vioo, nyuma ya afisa, fundi cherehani aliliona tumbo kwanza, halafu akamwona mwenye tumbo. Binti yao alikuwa amejishika kiuno kwa mkono mmoja, mwingine anapunga. "Mwambie hapana," alisema haraka.

"Subiri," alisema seremala.

"Nisubiri nini?"

"Mwambie nilikuwa nayo." Seremala alikuwa amesimama wima mbele ya meza, kofia mkononi. "Mwambie ilikuwa kwenye sanduku, imeachwa kule tulikotoka. Ilikuwa yangu, si ya huyu mama."

Muuza viatu alimtazama. "Baba, anataka ndiyo au hapana."

"Mwambie vyote."

Akatafsiri. Afisa mwenye masharubu aliacha kuandika. Aliuliza jambo. Seremala akajibu kirefu, akionyesha kwa mikono: umbo la kalamu, wingu la mvuke, droo, sweta. Afisa akamwita mwenzake. Mwenzake akalifungua sanduku, na soksi zisizofanana zikatoka tena, na ile sidiria yenye viraka ikaonekana katika nchi ya pili siku hiyohiyo. Walilinusa sweta la manjano. Wakapeana, wakalinusa tena. Foleni nyuma ilikuwa imefika mbali.

"Baba watoto," alisema mkewe chini ya pumzi, akimvuta mkono wa shati. "Mume wangu. Inatosha. Umesikika."

"Bado sijamwambia kuhusu kinyozi."

"Kinyozi muache. Mwanangu amesimama, miguu imemvimba. Nakuomba, funga mdomo."

Seremala alimtazama usoni, mara ya kwanza tangu kile chumba kidogo. "Umeniita mume wangu," alisema.

"Nilikosea. Chukua sanduku."

Maafisa walipoona hamna kitu ila nguo na harufu, waliwapungia wapite, wakionekana kuchoka kuliko abiria wao. Muuza viatu aliaga huku anacheka. Mlango wa vioo ukajifungua wenyewe, na fundi cherehani akamkumbatia mwanawe kwa ubavu, maana kwa mbele hapakuwa na nafasi, akamshika tumbo, akamshika mashavu, akalia kidogo na kuomba radhi kwa kulia.

"Nimesimama mpaka nikadhani nitazalia hapa hapa," alisema binti. "Wenzenu wote wametoka. Ilikuwaje?"

Fundi cherehani alimgeukia mumewe, aliyekuwa nyuma yao akivuta sanduku lililofungwa vibaya, mguu wa soksi ukining'inia nje.

"Baba yako alikuwa anasema kweli," alisema. "Ndiyo kwanza anaanza. Bado hana kasi."